Barua Iliyosubiri Jibu Ipelele

Wanakwaya wenzangu wa Mahongole, tangu nirudi kila ninayekutana naye ananiuliza lile lile: "Mama Upendo, barua umezipata?" Nikijibu ndiyo, mnataka habari yote. Nikianza habari yote, mazoezi yanaharibika na mwalimu wetu wa kwaya ananikata jicho. Basi naandika mara moja, msome kwa zamu, na atakayeniuliza tena nitamwimbisha peke yake.

Kwa wageni wa kwaya: mimi nilifanya kazi masjala miaka mingi, kazi ya kupokea barua za ofisi na kuzipanga kwenye mafaili. Nilipostaafu, ukoo wa marehemu Mzee Eliabu ukaniita nipange mafaili mengine. Mzee Eliabu alizaliwa Mdandu, akawa mwalimu, akawa waziri katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kisha balozi, kisha mzee wa kijijini mwenye miwani mizito. Hakutupa karatasi hata moja maishani mwake. Leo makaratasi yake yamo katika chumba kimoja pale Njombe. Mimi nayafuta vumbi, nayapiga picha na kuyaorodhesha, ili mwanafunzi yeyote ayasome, awe amekuja kwa miguu au amefungua simu yake akiwa kwao.

Sasa, humo ndani kuna mafaili manne ya barua za rafiki yake, Mwalimu Samsoni wa Ipelele, kule Makete. Walifundisha pamoja ujanani. Mmoja akaenda serikalini, mwingine akakataa kuondoka kijijini kwao, na wakaandikiana hadi uzeeni. Barua za Mwalimu tunazo. Za Mzee mwenyewe ziko Ipelele kwa binti wa Mwalimu, Bibi Estelina. Kusoma za upande mmoja ni kama kumsikiliza mtu akiongea na simu kwenye basi. Unasikia, "Hapana, usithubutu!" na hutajua kamwe ni kitu gani kisithubutiwe.

Bibi Estelina alikuwa amekwisha kataa mara mbili. Kwanza alikwenda kijana mmoja msomi, akaomba "zile za muhimu tu". Akapewa viazi, akarudishwa. Mara ya pili tulipiga simu, naye akasema, "Njooni mle viazi. Barua hapana." Kisha masika ya mwaka jana bati lake likavuja juu ya sanduku lenye barua. Habari hiyo iliponifikia nilikosa raha kabisa. Nikasema naenda mwenyewe, maana tukisubiri masika mengine tutakuta uji.

Makambako hadi Mdandu: sanduku tupu

Niliondoka nyumbani na begi moja na sanduku moja la kijivu, lile la kuhifadhia nyaraka, lina kufuli na maandishi makubwa ubavuni: NYARAKA. USIFUNGUE. Nililiweka mapajani kwenye gari kwa sababu siliamini buti.

Kumbe nilijitafutia balaa. Ilikuwa majira ya mitihani. Abiria wa kwanza akamnong'oneza wa pili, wa pili akamnong'oneza kondakta, na kondakta akanijia kwa adabu kama aliyeona askofu.

"Samahani mama, hiyo mitihani inasafiri bila askari?"

"Siyo mitihani, mwanangu."

"Sawa mama. Siyo mitihani." Akamkonyeza dereva.

Kituo cha kwanza cha ukaguzi, dereva alisimama bila kusimamishwa. Trafiki akaja dirishani, akalitazama sanduku, akanitazama mimi na sweta langu la kufuma. Akaniomba nifungue. Nikafungua. Gari zima lilisimama kuchungulia, hata bibi mmoja aliyekuwa amelala tangu Makambako.

Lilikuwa tupu. Bila shaka lilikuwa tupu, nilikuwa naenda kulijaza!

"Mama," akasema yule trafiki taratibu, "umefunga kufuli kwenye hewa?"

Walicheka hadi Mdandu. Mimi nilinuna kama dakika kumi, halafu nikacheka nao, kwa sababu kwa kweli nilikuwa nimefunga kufuli kwenye hewa.

Mdandu nilipokelewa na Mwinjilisti Yohana, mtoto wa mdogo wake Mzee Eliabu. Ni mwinjilisti mstaafu, zaidi ya miaka sabini, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi. Ukoo ulikuwa umeamua anisindikize, maana kwenda kuomba kitu cha nyumba ya watu bila mtu wa damu ni utovu wa adabu. Mkewe alitupikia ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Nilipokuwa nakagua vifaa vyangu, akaona glavu zangu nyeupe. Akaweka mwiko chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni za kushikia karatasi."

"Karatasi inashikwa kwa glavu za kubebea jeneza?" Alimtazama mumewe kana kwamba anamwuliza, huyu mama ni mzima kweli?

Tulipotaka kuondoka asubuhi, Mwinjilisti akatoka na dumu la mafuta ya alizeti. Nikamwambia, Mwinjilisti, mafuta na nyaraka havisafiri pamoja, huo ni mwiko wa kazi yangu. Akanijibu kwamba kufika ugenini mikono mitupu ni mwiko wa kwao, tena wa kwao ni wa zamani zaidi. Dumu likaingia.

Njombe hadi Ipelele: mafuta na matope

Njombe tulipita tu, ukungu umeshuka hadi kwenye paa za maduka, watu wamejikunyata ndani ya makoti. Basi la Makete lilichelewa kuondoka kwa sababu Mwinjilisti alishuka kununua parachichi akakutana na mwanafunzi wake wa zamani wa kipaimara. Waliulizana habari za watoto, za ng'ombe, za usharika, za mguu wa mtu fulani. Dereva alipiga honi mara tatu. Mwinjilisti akampungia mkono, akidhani anasalimiwa.

Makete mjini tulipata lori lililokuwa linakwenda kupakia viazi. Dereva wake aliitwa Tumaini, akaniambia, "Dada, njia ni nzuri, isipokuwa sehemu moja." Sehemu hiyo moja ilianza mara tu tulipoacha lami.

Lori lilizama mbele kidogo ya nyumba moja yenye moshi jikoni. Tumaini akachukua sepetu kwa utulivu wa mtu anayekwenda bustanini kwake. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye hakuwahi kutuona, alitoka tu na kutusalimia, "Kamwene! Ingieni, hapo huwa wanakaa saa tatu." Akatupa viazi vya kuchemsha na maganda yake, chumvi kwenye kisosi, na chai ya maziwa iliyochemka hasa. Nimekula katika mahoteli mimi, lakini kwa baridi ile na matope yale sijapata kula chakula kitamu kuliko kile. Tulikaa saa tatu kamili.

Tuliporudi kwenye lori nikagundua dumu limelala. Kizibo kimelegea. Sanduku lilipona, kamera ilipona, ila glavu zote sita zilikuwa zimekunywa mafuta zikashiba. Nilifoka. Mwinjilisti alisikiliza hadi mwisho, akainua dumu, akalitikisa sikioni.

"Bwana asifiwe," alisema. "Hayajapungua sana."

Ipelele: watu niliowaruka

Bibi Estelina ni mwembamba, amevaa makoti mawili na kitambaa cha kichwa cha rangi ya chungwa. Alipokea mafuta kwa mikono miwili na kumsifu sana Mwinjilisti, kisha akanitazama mimi kwa pembe ya jicho. Tulipewa njegere na viazi. Nilijua viazi vile vina maana gani, kwa hiyo nilikula kwa wasiwasi.

Baada ya kula, mkwewe, Mama Fadhili, akaleta sanduku la bati kwa amri ya bibi. Ndani kulikuwa na barua zimefungwa kwa nyuzi za katani, na zile za pembeni zilikuwa zimeloa, zikakauka, zikashikana. Wino ulikuwa umeanza kutembea. Nikaona wazi kwamba masika mengine mawili yangezimaliza.

"Macho yangu hayasomi tena," alisema Bibi Estelina. "Soma moja nikusikie. Halafu ndiyo tuzungumze."

Nikanawa mikono, nikachukua ya juu. Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilipoharibu. Miaka yote masjala nilifundishwa kwamba barua inaanza pale palipoandikwa YAH, yaani jambo inalohusu. Vya juu ni mapambo. Barua ya Mzee ilianza kwa nusu ukurasa wa salamu, jicho langu likaruka lenyewe, na nikaanza kusoma pale alipoeleza kwa nini aligombana na wenzake serikalini kuhusu shule za vijijini. Jambo kubwa! La historia! Nilisoma kwa madaha.

Bibi Estelina alinyoosha mkono, akaichukua barua taratibu.

"Umewaruka watu," alisema.

"Watu gani, Bibi?"

"Watu kumi na mmoja. Mimi niko wa tisa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwinjilisti akajifanya anatazama mvua.

Ndipo Mama Fadhili akanieleza. Katika nyumba ile, tangu Mwalimu Samsoni akiwa hai, barua ilisomwa mbele ya wote waliosalimiwa. Jina likitajwa, mwenyewe anajibu, "Nimepokea." Hayupo, wa kwake anampokelea. Barua haiendelei mpaka salamu ipokewe. Yule kijana msomi wa "za muhimu tu" hakuwa amejua kwamba aliomba kupiga picha barua na kuwaacha watu nje mvuani.

"Basi naomba nianze upya," nilisema.

Wakaitwa majirani. Jiko likajaa. Nikasoma: "Msalimie mama yako mzazi." Bibi Estelina akajibu, "Nimempokelea." "Msalimie Zakaria fundi." Mzee mmoja mlangoni akasema, "Ni baba yangu. Nimempokelea." Walikuwa wanakumbushana na kucheka: Zakaria yule aliyejenga ukuta ukapinda! Jina la tisa likafika. "Na mtoto Estelina, ambaye uji wake wa ulezi bado naukumbuka huku kwenye mikate yao migumu."

"Nimepokea," akasema mtoto Estelina, mwenye miaka karibu themanini, na akakaa wima.

Barua moja ilichukua saa nzima. Kwa mwendo ule nilihesabu kwamba ningerudi Makambako Krismasi. Lakini nitawaambia ukweli, niliona aibu. Zile barua za Mwalimu zilizoko Njombe nilikuwa nimekwisha kuziorodhesha zote, na kwa kila moja niliandika "salamu" neno moja, nikapita. Mafaili manne ya watu niliowaruka.

Ipelele: sababu ya kukataa

Kesho yake asubuhi Bibi Estelina akanipa ruhusa ya kupiga picha barua zote, isipokuwa moja. Hiyo aliitoa kwenye mfuko wa koti la ndani. Nikajua ndiyo iliyozuia nyingine zote.

"Hii ni ya mwisho," alisema. "Ukizipeleka zile, watu watauliza hii iko wapi. Wakiiona hii, watauliza jibu lake liko wapi."

Akaniambia niisome, na safari hii sikumruka mtu. Mzee Eliabu aliandika kwamba amestaafu, amechoka na miji, na anataka kuja Ipelele akae na rafiki yake wasemezane yale yasiyoandikika. Mwisho aliuliza: "Niambie tu nije mwezi gani."

Mama Fadhili aliacha kumenya.

"Baba alikuwa anaumwa ilipofika," alisema Bibi Estelina. "Aliisikia. Akaniambia jibu, nami niliandike. Nikasema nitaandika kesho. Akafa. Nikanunua bahasha, nikaona haya kumwambia mtu msiba kwa karatasi. Baadaye nikaona haya ya kuchelewa, na haya hiyo ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza. Hata kuzikwa kwa baba hakujua. Mwaka uliofuata tukasikia redioni naye amekufa." Alimgeukia Mwinjilisti. "Wewe uliishi naye. Usinidanganye. Alituona watu wa namna gani?"

Mwinjilisti aliinuka. Alivua kofia.

"Sitakudanganya, dada. Alisubiri. Kila gari la Makete likipita alikuwa anatuma mtu aulize barua." Akaikunja ile kofia. "Lakini hakuwakasirikia. Tukimwambia labda Samsoni amemsahau, alikuwa anatufokea. Alisema, 'Samsoni ameshajibu. Ni matope tu.'"

Bibi Estelina alilia, nasi tukalia, hata yule mtoto wa Zakaria aliyekuwa amekuja kuulizia mbegu. Bibi alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitambaa na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayeanza kazi:

"Una kalamu?"

Nilikuwa nayo ya risasi tu, maana wino hatuuruhusu karibu na nyaraka. Alikataa. Barua haiandikwi kwa penseli. Mama Fadhili akaleta kalamu ya mwanawe ya shule, na Bibi Estelina akatamka, mimi nikaandika:

"Mpendwa Mzee Eliabu. Sisi wa Ipelele hatujambo. Mama yake baba alitangulia. Zakaria fundi naye alitangulia, ule ukuta bado umesimama. Baba alifariki kabla hujajibiwa, na kosa ni langu mimi Estelina, si la matope. Nisamehe kwa kuchelewa. Baba alinituma nikuambie hivi: njoo mwezi wa sita. Mvua zinakuwa zimekata na gari linafika hadi mlangoni. Alisema usilete kitu, uje wewe tu."

Kisha kila aliyekuwepo akaweka salamu yake, nami nikaandika majina yote, moja moja, mkono ukaniuma. Bibi Estelina akatia sahihi kwa herufi kubwa. Akaikunja, akampa Mwinjilisti kwa mikono miwili.

"Nimempokelea baba mkubwa," alisema Mwinjilisti, na sauti yake safari hii haikuwa ya kuhubiri.

Ndipo ile ya mwisho ikatoka mikononi mwa Bibi Estelina na kuingia katika sanduku langu.

Kurudi Njombe

Kurudi hakukuwa na visa, ila lori lilibeba viazi hadi pomoni na mimi nililishika sanduku mapajani kama mtoto mchanga. Safari hii lilikuwa limejaa, na hakuna aliyenisimamisha.

Sasa niko chumbani Njombe siku tatu kila wiki. Zile zilizoshikana nazitenganisha polepole, nyingine zinakubali, chache zimekataa. Nimeanza upya orodha ya barua za Mwalimu pia, na kila aliyesalimiwa namwandika jina lake, ili mjukuu wake akitafuta amkute. Barua ya Bibi Estelina nimeipa namba inayofuata ile ya mwisho ya Mzee. Mjumbe mmoja wa kamati ya ukoo aliuliza kama huo kweli ni waraka wa kihistoria, maana wino wake ni wa juzi. Nilimwambia aende Ipelele akaulize mwenyewe.

Juzi Bibi Estelina alipiga simu. Hakuuliza barua za baba yake ziko wapi wala zimewekwaje. Aliuliza kama barua yake imefika.

"Imefika, Bibi. Imepokewa."

Nikamsikia akimtangazia Mama Fadhili. Kisha akasema, "Basi kwa kuwa yeye hawezi, njooni ninyi mwezi huo wa sita. Mje na wale wenzako uliotuambia wanaimba."

Sikumwambia nitamjibu kesho. Nilimjibu hapo hapo, kabla hajakata simu, kwamba tunakuja.